Sufuria Inasubiri Gurudumu la Mwisho

Raub, Pahang
14 Januari 2001

Kwako mdogo wangu Usu,

Assalamu alaikum. Hujambo wewe, shemeji Jeman hajambo, wanangu wote hawajambo? Mimi huku ni mzima kuanzia kiunoni kwenda juu. Kuanzia kiunoni kwenda chini sina habari napo tangu jana mchana. Nakuandikia nikiwa nimekalia mto wa kulalia.

Usishtuke, sijagongwa na gari. Nimejiunga na kikundi cha baiskeli za milimani.

Ndiyo, mimi. Mimi niliyeendesha lori toka Singapore mpaka Hat Yai kule Siam nusu ya umri wangu, askari wa mpakani wananiita kwa jina, wapishi wa Songkhla wananiwekea kichwa cha samaki kabla sijazima injini. Daktari wa kliniki alipima sukari yangu, akatazama karatasi, akanitazama mimi, akaitazama tena karatasi. "Mzee," akasema, "chagua. Utembee, uogelee au uendeshe baiskeli." Nikamwambia kutembea ni kwa watu wasio na leseni, na mtoni kuna ruba. Ikabaki baiskeli.

Nikaenda kwa Ah Keong, yule Mchina mwenye duka la baiskeli karibu na soko. Akanionyesha moja yenye matairi manene kama mikono ya shangazi yetu. "Bosi, hii ina gia ishirini na nne." Nikamwambia lori langu lilikuwa na kumi na nimevuka nalo nchi tatu. "Lori lilikuwa na injini," akasema. "Hapa injini ni wewe, bosi." Yeye mwenyewe ni mwanakikundi, akanialika Jumamosi.

Basi jana tulitoka watu kama thelathini kwenye uwanja wa kijiji cha Ulu Pauh. Walimu, makarani, polisi mmoja, wagema mpira, mchanganyiko mtupu. Njia inapita mashamba ya mpira, inaingia kwenye michikichi, inapita bustani za matunda ya doriani, na miiba yake na harufu yake, halafu kuna mlima wanauita Mlima Sabuni, kisha unashuka mpaka uwanjani palepale. Nilianza nikiwa mbele. Nataka ulijue hilo. Mpaka kwenye geti la uwanja nilikuwa mbele.

Baada ya hapo nikawa wa mwisho, na nikabaki wa mwisho kwa uaminifu mkubwa. Nyuma yangu alikuwepo mtu mmoja tu, Perumal, mnyapara wa shamba la michikichi. Kazi yake kikundini ni kukaa nyuma ya wa mwisho asipotee mtu, wanamwita Mfagiaji. Alinifagia toka asubuhi mpaka alasiri akipiga mluzi.

Sasa sikia. Nilipofika uwanjani nilidhani watu wameshakula wamekwenda zao. Wapi. Wote wameketi kwenye mikeka, macho kwenye njia, na katikati sufuria kubwa ya samaki wa mtoni kwa doriani iliyochachushwa, haijaguswa. Kanuni yao ni hii: sufuria haifunguliwi mpaka gurudumu la mwisho lifike, na aliyefika mwisho ndiye anayefunua. Wakanipa kitambaa. Nikafunua. Mvuke ukapanda, watu thelathini wakasema "Alhamdulillahi" kwa sauti ya watu waliokuwa wameshakata tamaa.

Nilikula sahani tatu nikiwa nimekaa chini na watu kulia na kushoto. Nitakwenda tena Jumamosi, makalio yakipenda yasipopenda.

Kaka yako,
Long


Kuching, Sarawak
3 Februari 2001

Kaka yangu Long,

Waalaikum salaam. Sisi wazima, ila Jeman ana mafua na anaugua kama mwanamke wa kwanza kuzaa duniani. Keki za matabaka zinatoka vizuri, oveni yangu haipoi.

Barua yako nimewasomea wasichana wanaonisaidia kuoka. Wamecheka mpaka tabaka moja likaungua. Mimi sikucheka sana. Kaka, una miaka sitini na moja. Tangu shemeji Saadiah afariki umeng'oa simu ukutani, kwa hiyo hata ukianguka korongoni nitaambiwa na posta. Na najua unavyokula. Nilipokuja mwaka jana nilikuona: umesimama kwenye karai la kuoshea vyombo, unakula ndani ya sufuria kama farasi, kisha unaiosha palepale. Sahani zote za Saadiah ziko kabatini zina vumbi.

Chumba cha nyuma hapa kwangu ni cheupe na kina dirisha la mtoni. Nilishasema, nasema tena. Uza nyumba, njoo. Hapa watu wanakula mezani.

Lakini niambie kitu kimoja, na usinitilie chumvi. Ni kweli walikusubiri? Watu thelathini?

Mdogo wako,
Usu


Raub
11 Machi 2001

Usu, pua ndefu,

Salamu nyingi kama shokishoki za msimu. Mpe pole Jeman, mwambie tangawizi na asijifie bure. Mimi mzima, na sasa hata chini ya kiuno kumepata uraia.

Ni kweli wananisubiri. Kila Jumamosi. Chumvi sijatia.

Nimejifunza mambo mengi. Kwanza, kaptula za kubana hazikutengenezwa kwa ajili ya tumbo la dereva wa lori, lakini ukizivaa mara ya nne aibu inachoka. Pili, kushuka mimi ni mfalme. Nikishuka nafasi wananipa wenyewe, kwa sababu hakuna anayetaka kuwa mbele ya kilo tisini na nane zenye breki za Ah Keong. Shida ni kupanda. Mlima Sabuni ni udongo mwekundu, mkali, wenye kokoto juu. Wenzangu wanaupanda wakipiga gumzo. Mimi nashuka, nasukuma baiskeli kama mbuzi asiyetaka kwenda sokoni.

Perumal ananifuata kwa miguu, kwa adabu. Juzi nilimwambia, "Perumal, tangulia bwana, unapoteza maisha yako." Akasema, "Kaka mkubwa, mke wangu ananituma kuchota maji nikifika mapema. Sukuma polepole."

Kuna tatizo lakini. Msimu wa doriani za katikati ya mwaka haujaja, ila miti michache ya zamani inaangusha sasa, na wa kusikia inavyoanguka ni mimi peke yangu. Wenzangu wanapita kama risasi. Mimi napita taratibu, nasikia buu, nageuka, hiyo hapo. Na unajua desturi yetu: doriani iliyoangukia njiani ni ya mpita njia. Sasa mtoto wa Pahang atafanyaje? Nasimama. Perumal anasimama. Tunapasua. Basi tunafika na adhuhuri imeshapita zamani.

Watu wameanza kunung'unika. Yule polisi kijana akaniambia, "Ba'mkubwa, leo nimetafuna jani la mpira." Mwingine akasema, "Mimi nimeanza kumtazama Ah Keong kwa jicho la njaa." Ah Keong akajibu, "Mimi si halali, tafuta mwingine." Tulicheka, lakini Mwalimu Baharom, mkuu wa kikundi, hakucheka. Alikuwa anaangalia saa.

Mwalimu ni mtu mzuri, mwembamba, ana filimbi shingoni hata akiwa harusini. Kaniambia ataitisha mkutano.

Kaka yako,
Long


Kuching
30 Machi 2001

Kaka Long,

Salaam. Jeman kapona, kwa masikitiko ya wauguzi wake. Sisi wote wazima.

Huo mkutano haujanipa usingizi mzuri. Nakujua. Utasimama, utatoa ile hadithi yako ya lori na Songkhla, watu watacheka, halafu watapiga kura kukutoa huku wanacheka.

Tufanye mapatano, wewe na mimi, kama tulivyokuwa tukifanya marehemu mama akiwa hatusikii. Wakiendelea kukusubiri, nanyamaza. Sitakutajia chumba cha nyuma tena mpaka siku nakufa. Lakini wakiacha, kama utarudi kula umesimama kwenye karai, basi unauza nyumba na unakuja. Hakuna baiskeli, hakuna hadithi, unakuja. Mimi sitaki kaka yangu awe mtu ambaye hakuna anayejua kama amekula.

Kubali kwa maandishi.

Mdogo wako,
Usu


Raub
22 Aprili 2001

Usu hakimu mkuu,

Salamu zangu zikukute umekaa, usizipokee umesimama. Mimi mzima wa mwili, wa roho wastani.

Mkutano umefanyika palepale mikekani. Mwalimu Baharom akasimama na filimbi yake. "Sina ugomvi na Ba'mkubwa," akasema. "Nampenda Ba'mkubwa. Lakini nina watu thelathini wenye njaa, wawili wana vidonda vya tumbo, na kijana wetu mmoja alizirai wiki jana akikunja mkeka. Napendekeza sufuria ifunguliwe adhana ya adhuhuri ikilia. Atakayechelewa atakuta atakachokuta."

Watu wakatazama chini. Hakuna aliyesema hapana, na mimi nisingesema hapana kama ningekuwa wao. Yule kijana aliyezirai alikuwa anatetemeka kweli.

Mmoja akasema, "Au Ba'mkubwa apite njia ya lami, ile fupi, na akina mama wa baiskeli za vikapu." Alisema kwa wema. Uliniuma kuliko matusi ya askari wa mpakani.

Perumal ndiye aliyesimama. Akasema kikundi hiki alikianzisha marehemu baba yake Mwalimu mwenyewe na watu watano, na kanuni ilikuwa moja tu, sufuria. "Tukiifungua bila wa mwisho," akasema, "mimi namfagia nani, na nampeleka wapi? Kwenye masufuria machafu?"

Mwalimu aliguswa hapo kwa baba yake. Mwisho akatoa hukumu. Jumamosi ya tarehe ishirini na moja Julai ndio mtihani. Njia nzima, mlima pia, hakuna mtu kunisukuma. Nikifika kabla ya adhana, kanuni inabaki, maana kama mimi naweza kuwahi, hakuna atakayekufa kwa njaa. Nisipowahi, sufuria inafunguliwa na adhana, siku hiyo na siku zote.

Nikasimama. Nilikuwa na hadithi ya Songkhla mdomoni, nikaimeza. Nikasema, "Nitafika." Nikaketi.

Kwa hiyo nakubali mapatano yako. Haya ni maandishi, saini iko chini. Nikishindwa, safisha dirisha la mtoni.

Kaka yako,
Long


Kuching
20 Mei 2001

Kaka Long,

Salaam, na natumaini hii itakukuta mzima. Sisi wazima.

Nimeuliza kwa jirani, mwanawe anashindana baiskeli hapa Kuching. Anasema: kiti kipandishwe juu kidogo, gia ndogo kabisa kabla mlima haujaanza na si katikati yake, na usiutazame mwisho wa mlima, tazama tairi la mbele tu. Mimi nasema: acha chai ya maziwa ya kopo. Natuma keki kidogo, isiyo na sukari nyingi. Usiile kwa siku moja.

Nijibu.

Mdogo wako,
Usu


Kuching
27 Juni 2001

Kaka Long,

Salaam. Barua yangu ya Mei hujaijibu, na keki hukuishukuru. Wewe ambaye ukipata chunusi unaniandikia kurasa mbili. Nilipiga simu kwa jirani yako Mak Senah, akaniambia alfajiri unatoka, jioni unarudi, taa inazimwa mapema, huongei na mtu. Nikauliza, anakula? Akasema hajui.

Hajui, kaka. Jirani wa ukuta kwa ukuta hajui.

Nimekata tiketi ya ndege, iko ndani ya bahasha hii, tarehe iko wazi. Sikulazimishi. Chumba nimekipaka rangi. Kama umeumia, sema. Kama umeshakata tamaa, nao huo si mwisho wa dunia, na mimi sitakucheka, na wasichana nitawakataza.

Andika hata mstari mmoja.

Mdogo wako akupendaye,
Usu


Raub
22 Julai 2001

Usu, Usu, Usu wangu,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh, na zote nyingine zilizobaki kwenye gunia la salamu nakumwagia leo. Jeman hajambo? Watoto hawajambo? Wasichana wa keki hawajambo? Waite wote. Zima oveni. Soma kwa sauti.

Kwanza naomba radhi. Nilijiapiza nisikuandikie mpaka niwe na cha kujivunia ambacho kimetokea kweli. Kunyamaza miezi mitatu kumenitesa kuliko ule mlima. Alfajiri nikishaswali nilikuwa nakwenda Mlima Sabuni peke yangu, naupanda, naanguka, naupanda. Keki niliila kwa siku mbili. Hapo nimesema ukweli, endelea kusoma.

Jana basi. Mwalimu kapanga: Perumal aende mbele, asiwe karibu yangu hata kwa mluzi. Nyuma yangu atakaa Mwalimu mwenyewe, shahidi, na filimbi yake na saa yake. Tukaondoka jua likichomoza.

Kwenye mpira nilikuwa wa mwisho. Kwenye michikichi nilikuwa wa mwisho lakini nikiwaona. Hilo halijawahi kutokea, kuwaona. Migongo ya watu, Usu, ni kitu kizuri sana.

Tukaingia kwenye bustani za doriani. Sasa kumbuka ni Julai. Msimu umekolea, hewa yote ni doriani, hata ukipiga miayo umeshakula nusu. Ya kwanza ikaanguka, buu, hatua chache mbele ya tairi langu. Mguu wangu wa kulia ukaacha kunyonga pedali wenyewe, bila ruhusa. Nikautukana. Nikapita.

Ya pili iliangukia katikati ya njia, nikaizunguka. Ya tatu, ewe mdogo wangu, ilianguka ikapasuka. Njano. Ile njano iliyokolea, ya miti ya zamani, yenye uchungu kidogo kwa mwisho. Nilifumba jicho la upande ule. Sijawahi kumtii daktari, polisi wala marehemu baba kama nilivyoitii hiyo sufuria jana. Nikapita.

Nyuma nikasikia sauti, "Ba'mkubwa, husimami?"

"Sisimami, Mwalimu."

"Imepasuka yenyewe."

"Nimeiona, Mwalimu."

Halafu nikasikia breki zikilia. "Tangulia," akasema, "nitakufikia sasa hivi."

Sikugeuka. Nikafika chini ya Mlima Sabuni. Nikaweka gia ndogo kabisa kabla ya mlima, kama alivyosema mwana wa jirani yako, msalimie sana. Nikatazama tairi la mbele. Nilinyonga. Kuna mahali kwenye kona tairi la nyuma liliteleza, nikasikia kokoto zinashuka, moyo ukanipanda mpaka kwenye meno. Nikainama nikalalia usukani kama mtu anayemsikiliza mtoto mchanga. Likashika. Mguu wangu haukugusa ardhi, Usu. Hakuna wa kuthibitisha ila kima mmoja juu ya mti, na nikimpata nitamleta mahakamani.

Juu kileleni sikusimama hata kupumua. Nikashuka. Kushuka unanijua.

Nikavuka daraja la magogo, nikauona uwanja, nikaona watu wanasimama mmoja mmoja kwenye mikeka. Kwenye kipaza sauti cha msikiti mwadhini alikuwa anakohoa, anasafisha koo. Nikaingia uwanjani akiwa bado anakohoa. Perumal alinishika baiskeli, akanishika na mimi, maana miguu ilikuwa imeniaga. Ah Keong akasema, "Bosi, injini nzuri." Yule polisi kijana alinikumbatia akalia, sijui kwa furaha au kwa njaa. Kisha adhana ikalia.

Tukaenda kuswali, tukarudi. Watu wakaketi, wakatazama sufuria. Mmoja akauliza, "Mwalimu yuko wapi?"

Hayupo.

Tukangoja. Njia tupu. Polisi kijana akasema, "Adhana imeshalia. Kanuni yake mwenyewe. Atakuta atakachokuta." Watu wakacheka, mkono wa mtu ukaenda kwenye kitambaa.

Hapo ndipo nilipokaa juu ya mfuniko.

Usicheke. Ulikuwa wa moto, nikaruka, Perumal akanipa taulo, nikalikunja, nikakaa tena. Nikawaambia, "Leo nimewahi, na mmesema nikiwahi kanuni inabaki. Basi imebaki. Gurudumu la mwisho halijafika."

"Ba'mkubwa, ni yeye aliyetaka kukuacha wewe."

"Ndiyo. Na mimi nina kilo tisini na moja, na ziko zote hapa juu. Nani ataziondoa?"

Perumal akachukua baiskeli yake, akarudi njiani kufagia.

Tulingoja mpaka vivuli vikasogea. Wenye vidonda vya tumbo tukawapa ndizi, na yule kijana wa kuzirai tukampa mbili. Nilizileta mwenyewe, na tangu jana ni desturi, nimeshatangaza. Mwisho wakatokea wawili darajani, wanatembea. Mwalimu anasukuma baiskeli, tairi la mbele limekaa chini kama chapati. Alikula zile tatu zote, Usu. Peke yake. Kisha ya nne akaifunga kwenye usukani atuletee sisi, ikadondoka, akaikanyaga kwa tairi. Unajua miiba ya doriani. Tumbo limejaa, mlima mbele, tairi hana. Masharubu yake yalinukia kabla yake.

Akasimama mbele yangu. Filimbi inaning'inia. "Nani kakalia mfuniko?"

"Mimi, Mwalimu."

"Umewahi?"

"Nimewahi."

"Kabla ya adhana?"

"Mwadhini alikuwa anakohoa," watu wote wakajibu kwa pamoja.

Akatutazama, kila mmoja, na midomo mikavu na macho ya njaa. Nilidhani atatoa hotuba. Mwalimu alinyoosha tu mkono kuomba kitambaa, nikashuka kwenye sufuria, akafunua yeye. Akasema, "Kanuni ya baba ibaki." Halafu akaketi karibu yangu, hakula hata tonge, ameshiba doriani, lakini alikaa mpaka mtu wa mwisho akanawa mikono.

Leo asubuhi nimetoa sahani za Saadiah kabatini, nimeziosha zote. Jumamosi ijayo zamu ya kupika ni yangu, na sahani za kikundi hazitoshi.

Tiketi nakurudishia. Ibadilishe iwe yako, uje ule.

Kaka yako, mshindi,
Long


Kuching
6 Agosti 2001

Kaka Long,

Waalaikum salaam. Oveni nilizima. Nilisoma kwa sauti. Kwenye kona pale tairi lilipoteleza Jeman alishika mkono wangu mpaka pete ikaniumiza, na anakanusha.

Mimi nimeshindwa, na ninavyochukia kushindwa wewe unajua kuliko mtu yeyote. Chumba cha nyuma nimeweka oveni ya pili. Wasichana wamefurahi. Kila nikipita naona dirisha la mtoni na mvuke wa keki, nafikiri: saa hizi amekaa chini, ana mtu kulia na kushoto.

Sitakuuliza tena kama umekula.

Mdogo wako,
Usu

Hizo kilo saba zimekwenda wapi? Mwalimu alizipima, au umezipima wewe?


Ulu Pauh, uwanjani
Jumamosi, 8 Septemba 2001

Usu,

Salaam, wazima sote, nawe uwe mzima, nitauliza vizuri baadaye. Samahani kwa karatasi hii, ni ya kufungia wali.

Kikundi kimepata mtu mpya. Anaitwa Wan Hishamudin, karani wa ofisi ya ardhi, mkubwa kama kabati la nguo, kaptula yake bado ina bei. Asubuhi alianza mbele kabisa. Mpaka kwenye geti. Nikamwambia Perumal, huyo ni wetu.

Sasa adhuhuri imepita, watu wamelala mikekani kama samaki wa kuanikwa. Ndizi zimekwisha. Zamu ya kupika ilikuwa ya Ah Keong, alinunua kuku wa halali na kuapa mbele ya mashahidi, na harufu inatoka pembeni mwa mfuniko, inanipanda mgongoni, maana nimeukalia. Njaa niliyonayo hata Siam sikuipata, siku ile lori lilipozama kwenye matope. Nimewatukana makarani wote wa serikali kimoyomoyo, ofisi kwa ofisi. Mwalimu ananitazama na kucheka kwenye masharubu. Ananiuliza, "Ba'mkubwa, tufungue?" Nikamwambia ajaribu.

Ngoja. Perumal anapiga mluzi. Naona kofia nyekundu darajani, inakwenda kushoto, inakwenda kulia, inaanguka, inanyanyuka. Hajui kama tupo. Anaangalia chini, anadhani tumeshakwenda.

Naacha hapa, nikamtafutie kitambaa.

Long